Vyombo vya Kusafishia Hewa na Hadhari Zake

Katika miaka hii ya karibuni chombo cha kusafishia hewa kimeingia katika nyumba nyingi za wasemao Kiswahili, na kila aila imekipokea kwa sababu yake. Walioko Maskati na Dubai, ambako vumbi la jangwa hupenya hata pale madirisha yalipofungwa, wamekinunua kwa ajili ya vumbi; walioko Toronto na New York wamekinunua kwa ajili ya moshi wa misitu iunguayo, hasa baada ya Juni 2023, moshi wa Kanada ulipoigeuza mbingu ya New York ikawa na rangi ya chungwa mchana kweupe; na walioko Nairobi na Dar es Salaam wamekinunua kwa ajili ya moshi wa magari na kifua cha mtoto mwenye pumu. Sababu zote hizo ni za haki, na hapana wa kulaumiwa kwa kuwatakia watu wake hewa safi. Walakini bidhaa ziuzwazo kwa jina hili moja si za namna moja: baadhi yake hupunguza uchafu uliomo hewani, na baadhi yake huongeza hewani kitu ambacho hakikuwamo, na hicho kiongezwacho ndicho chenye madhara aghalabu. Ushauri wangu wote katika makala haya umesimama juu ya tofauti hiyo: kinunue chombo kitoacho, ukikatae chombo kitiacho.

Nianze na kile chema, ili msomaji asije akadhani kwamba namtaka akitupe kila alichonacho. Chombo chema hakina siri: ni feni ivutayo hewa ya chumba na kuipitisha katika chujio la nyuzi nyembamba zilizosongana, kisha kuirudisha chumbani ikiwa imeacha vumbi lake nyuma. Chujio liitwalo HEPA, ambalo asili yake ni Marekani katika miaka ya 1940, wakati wa kazi ya siri ya kuunda bomu la atomiki, lilikusudiwa kuzuia vumbi lenye mnururisho lisiwafikie wafanyakazi, na kipimo chake ni kwamba hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikroni 0.3, ilhali unywele wa mwanadamu una upana wa mikroni 70 hivi. Manufaa yake yamepimwa. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa huko Shanghai kwa wanafunzi 35 wa chuo, nao ulionyesha kwamba baada ya saa 48 tu za kukaa katika vyumba vyenye vichujio vya kweli, shinikizo la damu lilishuka kidogo na dalili za mwasho katika damu zikapungua. Kwa hiyo mwenye mtoto mgonjwa wa pumu, au anayeishi mahali ambapo moshi hauna budi kumfikia, akipata chombo cha namna hii amepata msaada wa hakika.

Hatari ya kwanza, nayo ndiyo kubwa miongoni mwa zile zitokazo ndani ya chombo, ni ozoni. Oksijeni tuivutayo ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii, bali hutafuta daima kitu cha kushikamana nacho na kukiunguza. Mjerumani Christian Friedrich Schönbein, mwalimu wa kemia katika mji wa Basel, ndiye aliyeitambulisha kwa wataalamu karibu na mwaka 1840, baada ya kuisikia harufu yake alipokuwa akipitisha umeme majini. Nasi huisikia harufu iyo hiyo baada ya radi kupiga karibu, au penye mashine ya kutolea nakala iliyofanya kazi tangu asubuhi. Katika karne ile ya 19 watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ozoni ni dawa ya kifua, hata miji ya pwani ikajisifu kwa wageni kwamba hewa yake imejaa ozoni, na dhana hiyo kongwe, ingawa matabibu waliiacha zamani, ingali hai katika matangazo ya wachuuzi, ambao huiita oksijeni hai, au hewa ya mlimani, au hewa ya baada ya mvua. Juu kabisa angani, mbali na pua zetu, ozoni hutukinga na miale mikali ya jua, na labda hapo ndipo wengi walipopata kuidhania wema. Lakini ikiingia kifuani haichagui, huunguza utando mwororo wa njia za pumzi kama inavyounguza kitu kingine chochote, na mtu akapatwa na kikohozi, mkwaruzo wa koo, kifua kubana na pumzi kuwa fupi. Mwenye pumu huamshiwa pumu yake, na watoto na wazee huumia upesi kuliko wengine.

Wachuuzi hujibu kwamba ozoni inayotolewa na chombo chao ni kidogo mno, haidhuru. Hoja hii inafaa kupimwa kwa insafu, kwa sababu ndani yake mna mtego. Idara ya Marekani ya Kuhifadhi Mazingira, EPA, imekwisha kueleza kwamba kwa kadiri isiyoudhuru mwili, ozoni haina nguvu ya maana ya kuondoa uchafu wa hewani. Na ili iwe na nguvu hiyo, lazima izidi mara nyingi ile kadiri ambayo mapafu yaweza kuistahimili. Basi mwenye kununua chombo hicho ana mawili tu mbele yake, ama amenunua kisichomfaa, ama amenunua kinachomdhuru. Fauka ya hayo, kadiri hiyo ndogo haina wa kuilinda mara chombo kikiisha kuwekwa chumbani. Idara iyo hiyo imetoa mfano wa chombo kilichopendekezwa na mtengenezaji wake kwa nyumba ya futi za mraba zifikazo 3,000, ambacho kiliwekwa katika chumba cha futi za mraba 350 na kufunguliwa kwa nguvu. Ozoni ya chumba ikapanda upesi hadi mara tano, na kufika mara kumi, ya mipaka ya afya. Na ni nani asiyefanya hivyo? Mtu hununua chombo kikubwa kwa imani kwamba kikubwa ndicho bora, akakiweka chumba cha kulala cha mtoto, akafunga mlango na dirisha ili hewa isafike vyema.

Tena ozoni haifanyi uovu wake peke yake. Sabuni na dawa za kupangusia sakafu zenye harufu ya limau, chungwa au msonobari hupata harufu hiyo kutokana na mafuta mepesi yanayoruka hewani, na ozoni ikikutana nayo huyageuza kuwa fomaldihaidi, ambayo ni sumu ijulikanayo kuleta saratani, pamoja na chembe ndogo sana ambazo ni za jinsi ile ile ambayo chombo kilinunuliwa kuziondoa. Mama wa nyumba aliyepiga deki kwa dawa yenye harufu ya limau, kisha akawasha chombo cha ozoni ili nyumba inukie usafi, ametengeneza chumbani mwake moshi asiouona. Wala pua haiwezi kutegemewa kutoa habari, kwa kuwa pua huizoea ozoni. Harufu iliyosikika sana siku ya kwanza husahaulika siku ya tatu, na hali hewa ni ile ile. Ishara iliyo amini kuliko pua ni mpira: ozoni huupasua, na mwenye kuona mipira ya kufungia karatasi au raba za vyombo zikipata nyufa upesi katika chumba kimoja kuliko vingine ana sababu ya kukitazama chombo chake kwa shaka.

Vyombo vya ayoni ni ndugu wa hivyo vya ozoni, ila vina sura ya upole zaidi. Hivi huzitia chembe za vumbi umeme ili zigande, nazo huganda kweli, lakini huganda popote: ukutani, kwenye pazia, kwenye mto wa kulalia, na ndani ya mapafu pia. Umeme huo huo, ukiwa na nguvu ya kutosha, huzaa ozoni kidogo au nyingi kwa kadiri ya ubora wa chombo. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Beijing juu ya watoto wa shule, ambao darasa lao liliwekewa vyombo vya ayoni. Vumbi lilipungua na pumzi za watoto zikaboreka, lakini vipimo vya mapigo ya moyo vilionyesha mabadiliko yasiyopendeza. Mimi nasema kwamba pale ambapo feni na chujio hutoa faida ile ile bila shaka hiyo, hapana haja ya kumfanya mtoto kuwa uwanja wa majaribio. Vyombo vingi vya siku hizi vina chujio jema na ayoni pamoja. Hivi havina haja ya kutupwa, kwa maana mara nyingi kuna kitufe cha kuzimia ayoni, nacho kizimwe na kiachwe kimezimwa.

Sitaki kuupita mkasa wa Korea ya Kusini, ingawa haukuhusu vyombo vya kusafishia hewa hasa, bali jamaa zake wa karibu, yaani vyombo vya kutilia unyevu hewani wakati wa baridi. Tangu mwaka 1994 ziliuzwa huko dawa za kuua vijidudu za kuchanganywa na maji ya vyombo hivyo, na wazazi wengi walizinunua kwa sababu ya mapenzi yao kwa watoto, kwa kuwa waliambiwa kwamba maji yasiyo na dawa huzaa uchafu. Katika majira ya machipuko ya 2011 matabibu wa hospitali moja kubwa ya Seoul walianza kupokea wanawake wajawazito na waliotoka kujifungua, ambao mapafu yao yalikuwa yakikakamaa kwa sababu isiyojulikana, na baadhi yao wakafa. Uchunguzi ulipofanywa, ilidhihirika kwamba chanzo kilikuwa dawa ile, ambayo ilikuwa ikitumika katika usafi wa vitu vingine pasipo malalamiko, lakini ilipogeuzwa mvuke na kuvutwa usiku kucha iliyaharibu mapafu kabisa. Kabla ya mwaka ule kwisha dawa hizo ziliondolewa sokoni, ila mamia ya watu walikuwa wamekwisha kufa, watoto wachanga miongoni mwao. Miaka mitano baadaye, mwaka 2016, serikali ya nchi iyo hiyo iliamuru vichujio fulani vya vyombo vya kusafishia hewa virudishwe, kwa kuwa vilikuwa vimepakwa dawa ya kuzuia kuvu iitwayo OIT, ambayo iliweza kubanduka na kuchukuliwa na hewa.

Kwa ajili ya watu wale nashikilia neno langu kwa nguvu kuliko ambavyo huenda msomaji angependa. Kitu kuwa salama mkononi au sakafuni hakukifanyi kuwa salama mapafuni, kwa sababu ngozi ni ukuta, na mapafu ni mlango ulio wazi kwa damu. Basi usitie dawa ya kuua vijidudu katika maji ya chombo chochote kinachovukiza hewani. Usitie mafuta ya mkaratusi, wala marashi, hata kama mtengenezaji ameweka kijisahani maalumu kwa kazi hiyo. Na ukiona chujio linasifiwa kwamba limetiwa dawa ya kuua virusi au kuvu, liache dukani uchukue lile lisilo na sifa hiyo. Kadhalika viache vile vibeti vya kuning'iniza shingoni, vilivyouzwa sana mwaka 2020 kwa hofu ya korona, ambavyo kazi yake ni kutoa hewa ya klorini daioksaidi chini ya pua ya mvaaji.

Mnunuzi atajuaje, ilhali maneno ya kwenye boksi yote ni matamu? Kuna ishara. Maneno kama ayoni, plasma, oksijeni hai na ozoni yawe kwake sababu ya kuuliza zaidi kabla ya kutoa fedha. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2006, na tangu Oktoba 2010 chombo cha kusafishia hewa ya nyumbani hakiruhusiwi kuuzwa humo bila cheti kwamba ozoni yake haipiti sehemu 50 katika sehemu bilioni moja za hewa. Na mamlaka ya hewa ya jimbo hilo, iitwayo CARB, huitangaza orodha ya vyombo vilivyopata cheti hicho, ambayo mtu yeyote, hata akiwa Mombasa au Bujumbura, aweza kuitazama bure kwa simu yake kabla ya kwenda dukani. Kuna na alama iliyo kali zaidi, UL 2998, ambayo hairuhusu ozoni kupita sehemu 5 katika bilioni. Chombo chenye feni na chujio tu, kisicho na umeme wa kumwaga hewani, hakina cha kuficha katika jambo hili. Ama zile taa za miale ya urujuanimno zilizotiwa ndani ya baadhi ya vyombo, hizi huongeza bei kuliko afya, kwa kuwa hewa hupita mbele yake haraka mno, na baadhi yake huzaa ozoni. Tena miale hiyo ikivuja huunguza macho.

Hatari ya pili haimo ndani ya chombo, imo ndani ya matumaini tunayokiwekea, nayo kwa nchi zetu naiogopa kuliko ozoni. Hapana chombo cha nyumbani cha kusafishia hewa, kiwe cha bei gani, kiwezacho kuondoa kaboni monoksaidi, ile sumu itokayo katika mkaa uwakao, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haina mwasho wa kumwamsha aliyelala, na ambayo huishika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Chujio haliizuii, kwa sababu si chembe bali ni hewa yenyewe. Huko Limuru, Njombe na sehemu nyingine za baridi, katika Juni na Julai, watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, na kila mwaka kuna nyumba ambazo asubuhi hugongwa mlango pasiwe na wa kuitika. Mtu akiwa na chombo kinachoonyesha taa ya kijani, maana yake hewa ni safi, akafunga madirisha na kuingiza jiko karibu na kitanda, ile taa imemdanganya, kwa kuwa haipimi ila vumbi. Jiko na likae nje hata majivu yake yazimike kabisa. Na mwenye uwezo wa kununua chombo cha kusafishia hewa ana uwezo wa kununua kengele ya kaboni monoksaidi, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya chombo, na hiyo ndiyo itangulie.

Kwa mwendo huo huo, chombo hakiwi badala ya dirisha. Pumzi za watu waliolala katika chumba kilichofungwa huongeza hewa nzito ambayo hakuna chujio la kuitoa, basi moshi wa nje unapopungua, na dirisha lifunguliwe. Wala hakiwi ruhusa ya kufukiza. Nazungumza na watu wa Unguja, Lamu na Maskati, ambao udi na ubani kwao ni heshima ya mgeni na baraka ya nyumba, na mimi siwaambii wauache. Nawaambia kwamba moshi wa chetezo ni moshi, na kukiweka chombo kando ya chetezo katika chumba kilichofungwa, penye mtoto mwenye pumu, hakumtoshi mtoto yule. Na kifukizwe chumba kingine, madirisha yakiwa wazi, mtoto awe nje. Ile dawa ya mbu ya kuchoma ihukumiwe hivyo hivyo, na chandarua kichukue nafasi yake. Wala mgonjwa asiiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu chombo kimenunuliwa.

Utunzaji wa chujio ni kazi ambayo wengi huipuuza, na hapo chombo chema hugeuka kibaya. Kwanza, vichujio vingi vipya hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na watu si haba huwasha chombo bila ya kuuvua mfuko ule, wakapata sauti ya feni bila ya faida yake. Chujio la HEPA lisioshwe kwa maji ila mtengenezaji akiwa ameruhusu, kwa sababu nyuzi zake zikilowa huharibika. Katika miji yenye unyevu mwingi, kama Tanga na Mombasa, chujio lililojaa vumbi na kupata unyevu laweza kuota kuvu, na siku ile chombo kiwashwapo tena baada ya kuachwa miezi, hupeperusha mbegu za kuvu chumbani; harufu ya uvundo ni hoja ya kutosha ya kulitupa. Chujio la mkaa, linaloondoa harufu, hujaa upesi kuliko la vumbi, na likiisha kujaa laweza kurudisha hewani yale liliyoyashika. Libadilishwe kwa muda uliotajwa, na mahali penye moshi mwingi kabla ya muda huo. Anayelibadilisha afanye kazi hiyo nje, amefunga pua na mdomo kwa barakoa, na lile kuukuu lifungwe katika mfuko papo hapo.

Kwa habari ya ukubwa, hesabu ni nyepesi. Pima urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, uvizidishe, kisha jawabu ulizidishe kwa tano, upate mita za ujazo ambazo chombo chafaa kuzisafisha kwa saa moja. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, kinahitaji chombo cha mita za ujazo 189, sema 190, kwa saa. Kadiri iliyoandikwa kwenye boksi ni ya feni inayokwenda kwa nguvu zake zote, nayo kwa nguvu hizo hupiga kelele za kumkosesha mtu usingizi, hata akaishia kuipunguza. Kwa hiyo chagua kinachozidi hesabu yako, ukitumie kwa mwendo wa pole.

Ama aliyekwisha kuwa na chombo cha ozoni, na akaona kwamba watu wa nyumba wana kikohozi kisicho na homa, au pumu iliyotulia imerudi, na akichunguza akaona kwamba hali huwa nafuu wanaposafiri na kurejea wanaporejea, akizime leo, afungue madirisha, na amweleze tabibu wazi kwamba chombo kilikuwapo, kwa maana tabibu hawezi kuulizia asilolifikiri. Kisha asikipe mtu. Najua desturi yetu tulio ughaibuni, kwamba kitu ambacho hatukitumii hutiwa katika kontena pamoja na magodoro na majokofu, kikapelekwa nyumbani kwa shangazi au kwa msikiti wa mtaa, na huko hupokewa kwa shukrani na kuwashwa mchana na usiku na watu ambao hawakupata kusoma karatasi yake. Na akate waya wake wa umeme, kisha akipeleke kwenye taka za vyombo vya umeme.